Nilimkataza Kumwita Mtoto kwa Jina Langu

Nina umri wa miaka sabini na mmoja. Naishi peke yangu katika boma langu karibu na Kwa Vonza, upande wa Kitui, na muthokoi ninaokula, mahindi ya kukoboa na maharagwe, naupika mwenyewe. Mke wangu alifariki zamani. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya kutunza ghala huko Kiboko mpaka nikastaafu, na kwetu mimi ni mzee wa kanisa. Nayasema haya ili msije mkafikiri nilikosa kwa ujinga. Nilijua kusoma. Nilijua hata kusikiliza... Sikutaka tu.

Jumapili moja baada ya ibada, ndugu yangu mkubwa, Kilonzo, alikuja kwangu akaniomba jambo lililoonekana dogo. Alitaka nimkataze mke wa mwanangu kulitaja jina langu ndani ya boma. Ningesema hapana, tungekunywa chai yetu, naye angerudi kwake. Kungekuwa na ubaya gani?

Nilisema ndiyo.

Wasomaji wenzangu, ndiyo hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Nipeni nafasi niwaeleze taratibu.

Nina mwana mmoja tu, Mwendwa. Huziba pancha za malori Mtito Andei, na nyumbani alikuwa akija mwisho wa mwezi. Mkewe, Ndinda, aliishi kwangu pamoja na mtoto wao. Kwetu Wakamba, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo mtoto aliitwa Musembi, kama mimi. Siku alipozaliwa nilichinja mbuzi. Nilitembea sokoni nikisalimia hata watu nisiowajua!

Lakini kwetu kuna jambo lingine. Kati ya mzee na mke wa mwanawe kuna heshima tunayoiita nthoni. Hakai karibu nawe, hazungumzi nawe akikutazama usoni, na jina lako hulisikii kinywani mwake. Siku hizi wengi wameyaacha hayo, hasa wale wa mjini, ila kwetu yalikuwa bado yapo yapo. Mama wa mtoto aliyepewa jina la babu humtafutia mtoto jina la kando. Ndinda alimwita wake Kababa, yaani baba mdogo.

Mtoto akafika miaka miwili na zaidi bila kusema neno. Na si maneno tu... Ukimwita, hageuki. Ukimwonyesha ndege juu, anaangalia kidole chako au haangalii kitu. Alichopenda ni vifuniko vya sufuria. Alivizungusha sakafuni kimoja baada ya kingine, akiinamisha sikio karibu, huku akitoa sauti kama ya pikipiki iliyo mbali. Asubuhi mpaka jioni.

Mimi nilidhani ni kiziwi. Lakini ungefungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, ungemwona huyo anakuja mbio! Kiziwi gani huyo?

Ndinda alimpeleka kliniki ya watoto. Wakampima masikio, yakawa mazima. Wakamwambia mtoto ana usonji. Walimweleza kwamba si laana, wala si kosa la mama, na kwamba hakuna dawa ya kumnywesha asubuhi na jioni. Msaada wake mkubwa ungetoka kwa watu anaoishi nao, wakijifunza namna ya kuwa naye. Wakamwelekeza kwenye kikundi cha walezi kilichokutana katika zahanati, mahali ambapo wazazi walifundishwa kusaidia watoto kama hao kuwasiliana.

Akawa anaenda. Akirudi alisimama mlangoni kwangu, macho chini, akanieleza waliyofundishwa. Kwamba usimvute mtoto aje kwako, bali uende wewe alipo. Ukae chini, uso wako uwe mbele ya uso wake. Akizungusha kifuniko, nawe uzungushe. Akitoa sauti, nawe uitoe hiyo hiyo, kisha unyamaze umngoje. Biskuti usimpe kabla hajaitaka, iweke mahali anapoiona lakini haifikii, ungoje akutazame au akushike mkono, na akifanya hivyo umpe mara moja kwa furaha. Maneno yawe machache. Na watu wote wa nyumbani wafanye vivyo hivyo.

Niliyasikia nikaona ni michezo. Hata hivyo sikumzuia.

Kisha siku moja alikuja akiwa na wasiwasi, akasugua mkono kwenye mlango kwa muda kabla ya kusema.

"Baba, wameniambia tuchague jina moja la kumwita, na kila mtu alitumie hilo. Mtoto anaitwa majina mengi, hajui lipi ni lake. Jina lake ni lile alilopewa... Naomba ruhusa."

Nilimwelewa. Alikuwa anaomba ruhusa ya kuliita jina langu. Nikamwambia aliite, mtoto ni wake. Alishukuru kana kwamba nimempa shamba.

Basi boma likajaa jina langu. "Musembi!" Kimya, anangoja. "Musembi!" Anangoja tena. Alilala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji na kuzungusha vifuniko pamoja na mtoto, akitoa sauti ile ya pikipiki. Alijificha nyuma ya leso na kuimba, "Musembi ako wapi? Musembi huyu hapa!" Mwanzoni nilitoka nje kila alipoanza. Niliona aibu. Mwanamke mzima, mbele ya baba mkwe wake, anatambaa!

Mchana mmoja Ndinda alikuwa uani akipiga mbaazi kwa fimbo. Mimi nilikuwa nakarabati zizi la mbuzi. Mtoto alikuwa upande wa pili, na kifuniko chake. Ndinda akaita bila kuinua kichwa, kwa mazoea tu, "Musembi."

Nikageuka. Na mtoto akageuka!

Hakugeuka tu. Alimtazama mama yake usoni, akainua kifuniko juu, akamwonyesha. Kama mtoto yeyote anavyomwonyesha mama yake kitu chake. Ndinda aliangusha fimbo, akaenda akapiga magoti kwenye maganda ya mbaazi, akasema, "Ndiyo, Musembi, kifuniko." Kisha akalia. Mimi nilisimama pale na nyundo mkononi.

Niliona kwa macho yangu haya! Ndiyo maana sina kisingizio.

Wiki chache baadaye Kilonzo alikuja na wazee wengine wawili kuzungumzia ujenzi wa jiko la kanisa. Walimkuta Ndinda sakafuni na leso yake. "Musembi ako wapi?" Kilonzo alisimama mlangoni, akatabasamu, akanigeukia mbele ya wenzake.

"Musembi, unaitwa. Nenda ufunikwe leso."

Wazee wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nilicheka pamoja nao, maana ungefanya nini? Lakini maneno yale yalitangulia mbele yangu sokoni. Nikifika penye watu wa rika langu, mmoja anauliza, "Musembi ako wapi?" na wengine wanajibu, "Musembi huyu hapa!" Fundi wa viatu aliniuliza kama nami hulishwa biskuti nikigeuka. Ni utani tu... Watu wa rika moja hutaniana. Mtu mwenye moyo mkubwa angecheka akaendelea na safari yake. Mimi moyo wangu ulikuwa mdogo. Nilikuwa nimezoea kuheshimiwa, na ile heshima niliiona ikimwagika kama maji.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Kilonzo hakutania siku hiyo. Aliongea polepole, kama mtu anayekuonea huruma.

"Wewe ni mzee wa kanisa. Mke wa mtoto wako anatambaa mbele yako, na anakuita jina mchana kutwa. Baba yetu angekubali? Mkomeshe tu. Mtoto ataongea wakati wake ukifika. Hata wewe ulichelewa kuongea."

Nikasema ndiyo.

Nilimwita Ndinda jioni hiyo hiyo, nikamwambia jina lile lisisikike tena kinywani mwake, na michezo ya sakafuni aifanyie nyuma ya jikoni, wageni wasione. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, aliinua macho akanitazama.

"Baba, ameanza kugeuka. Wewe mwenyewe ulimwona."

Nikamwambia atageuka hata kwa jina lingine, amwite Elija, si ndilo la ubatizo?

"Wamesema tusibadilishe katikati. Atapotea."

"Wamesema wao. Hili boma ni langu."

"Sawa, Baba."

Hakubishana. Baadaye nilikuja kujua kwamba alimpigia Mwendwa simu akilia, na Mwendwa akamwambia amtii mzee ili kuwe na amani. Amani! Mwanangu naye analo lake la kujutia, lakini hilo ataliandika mwenyewe akipenda.

Tangu siku hiyo mtoto hakuwa na jina. Mimi nilimwita Elija, nikikumbuka. Mke wa Kilonzo alimwita Kababa. Watoto wa jirani walimwita Musembi kwa mazoea, nami nikawakemea. Ndinda ndiye aliyekuwa akimwita kwa subira, na sasa alianza kuita "Mu..." akajikata. Mwishowe akawa hamwiti kabisa. Alienda tu akamshika mkono na kumvuta.

Siku za kwanza mtoto bado aligeuka watoto wa jirani walipoita. Kisha akawa anageuka mara moja moja... Kisha basi. Hakuinua tena kifuniko kumwonyesha mtu. Vifuniko vyenyewe nilivifungia kabatini kwa sababu ya kelele. Kuna usiku nilikumbuka vile nilivyotikisa ufunguo wa kabati mbele ya mtoto wa miaka mitatu, nikaona aibu nikiwa peke yangu kitandani.

Kikundi cha walezi kikaomba wanaume wa nyumbani waje siku moja, baba na babu, wajifunze kucheza na watoto wao. Ndinda alinipa ujumbe akiwa amesimama mbali. Nikasema nina ndengu za kuanika. Sikuwa na ndengu. Zilikuwa zimeshaingia gunia.

Baada ya hapo hakwenda tena. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ataenda kuwaambia nini.

Mtoto akabadilika. Alianza kupiga kichwa ukutani na kujiuma mkono. Alikuwa akitaka kitu, lakini hakuwa na njia ya kukiomba, nasi hatukuwa tumekubali kujifunza njia yake. Alilia mpaka sauti ikaisha. Kanisani, Jumapili moja, mhudumu wa mlangoni alimwomba Ndinda akae naye nje kwa sababu anasumbua mahubiri. Nilikuwa nimekaa mbele, kwenye viti vya wazee. Nililisikia lile ombi. Nilisikia na viatu vya Ndinda vikitoka. Je, nilisimama? Sikusimama.

Kisha ikaja siku ninayoiota mpaka leo.

Ndinda alienda Kwa Vonza kuuza ndengu, akaniachia mtoto. Aliniambia mara mbili nisimwondolee macho. Kilonzo akapita akanisimamisha langoni, tukaanza habari za mbuzi wake aliyeumwa na nyoka. Hadithi ikanoga. Nilipogeuka, mtoto hayupo.

Nilizunguka nyumba. Nikaangalia jikoni, zizini, chooni. "Elija! Elija!" Hakuna. Majirani wakaja. Kila mmoja akaita alilolijua. Huyu anaita Elija, yule Musembi, mwingine Kababa. Tulishuka mpaka ukingo wa mto wetu wa mchanga, uliokauka maji, tukapita juu yake tukiita, tukarudi tukiita, jua likitupiga utosini. Sauti yangu ilikauka. Kilonzo alikuwa kando yangu, naye akawa anaita kwa nguvu zake zote, "Musembi! Musembi!" Jina lile lile. Sikumtazama.

Jua lilipokuwa linashuka, mama mmoja aliyekuwa ameshuka na punda kuchota maji kwenye kisima cha mchangani alikuja akituuliza tunatafuta nini. Tukamwambia. Akashika kifua. Alisema kuna mtoto amekaa chini ya ukingo, kwenye kivuli, anachota mchanga na kuumwaga. Alimwona tangu alipofika. Alitusikia tukiita juu, lakini mtoto hakuinua hata kichwa, kwa hiyo hakufikiri ndiye anayeitwa.

Alikuwa chini yetu. Tulipita juu ya kichwa chake tukimwita! Midomo ilikuwa imepasuka, na miiba imejaa nyayoni. Nilipombeba hakulia. Hakunitazama. Aliendelea kutazama mchanga ukimwagika mkononi mwake.

Ndinda alitukuta njiani. Alimchukua kutoka mikononi mwangu. Alimwosha, akamtoa miiba mmoja mmoja, akamnywesha maji kidogo kidogo. Nilikaa nje ya nyumba yake nikisubiri anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

Asubuhi alitoka na begi lake mgongoni, mtoto amefungwa kifuani kwa leso ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Alisimama mbele yangu.

"Baba, ulimwita?"

Nikasema niliita sana, sote tuliita.

"Angekuwa anageuka, Baba. Alikuwa ameshajifunza."

Alienda kwa mume wake Mtito Andei. Siku ya pili Mwendwa alinipigia simu akasema, "Mzee, usije kwanza." Hiyo kwanza ilichukua zaidi ya miaka miwili.

Nilienda mwaka uliopita, baada ya kuomba mara nyingi. Wanakaa chumba kimoja nyuma ya hoteli ya madereva wa malori. Nilikuta mambo mawili yaliyonifurahisha na kunivunja kwa wakati mmoja. La kwanza, Ndinda alipata walezi wengine huko waliokuwa wakifundishwa mambo yale yale, akaanza upya tangu mwanzo kabisa. La pili, mwanangu Mwendwa, aliyeniambia zamani kwamba hizo ni kazi za wanawake, alikuwa amelala chini na ovaroli yake yenye grisi, anaviringisha kipete cha chuma na mtoto. Anaviringisha, anangoja. Mtoto anamtazama baba yake, anasema, "Tena." Nilisikia vizuri. Tena!

Ana maneno. Si mengi. Anasema maji, fungua, twende, sitaki. Anaonyesha kwa kidole akitaka kitu, na malori yakipita barabarani anamvuta mama yake waende waone pamoja. Ndinda alinieleza kwamba ilichukua muda mrefu zaidi kuliko mara ya kwanza, kwamba mtoto alikuwa amejifungia kabisa. Angefika wapi kama asingekatizwa? Hakuna anayejua. Hata wataalamu hawakumwambia, na mimi sina haki ya kuuliza.

Wanamwita Elija. Nilimuuliza Ndinda kwa sauti ya chini kama wamejaribu lile jina lingine. Alisema alijaribu wiki nyingi, lakini mtoto hakuligeukia tena, na yeye mwenyewe akilitamka mdomo ulikuwa unatetemeka, na mtoto hajifunzi kitu kwa mtu anayeogopa. Kwa hiyo akaliacha. Alinieleza bila hasira, akinimiminia chai.

Nilishuka kwenye kiti nikakaa sakafuni. Magoti yalilia. Nilijaribu kufanya nilivyoona wanafanya: nikakaa mbele yake, nikaviringisha kipete, nikangoja. Mtoto alikichukua kwa utaratibu, akahamia upande wa pili wa chumba, akakaa nyuma ya baba yake. Mwendwa akasema, "Ni mgeni kwake, mzee. Usimlaumu." Nani anamlaumu?

Kilonzo bado hunitembelea. Tunakunywa chai. Hatujawahi kulizungumza jambo hili, na sasa tumezeeka.

Ndugu zangu, hasa ninyi wazee wenzangu mnaotunza heshima zenu kama mimi. Kama katika boma lako yupo mtoto asiyegeuka akiitwa, asiyekuonyesha kitu, asiyekutazama, msimngoje aongee wakati wake ukifika. Mpelekeni akaangaliwe. Na mama yake akirudi na mafunzo, msimwachie peke yake, na tafadhali, msimcheke! Kaeni chini. Fanyeni sauti anazofanya mtoto. Mngojeni. Watu watawacheka sokoni, ndiyo. Nilichekwa mimi, na leo hakuna hata mmoja wa wale waliocheka anayeukumbuka utani ule. Na kama mila inasimama kati ya mtoto na neno lake la kwanza, mzee ndiye mwenye uwezo wa kuisogeza. Si mke wa mwanao. Yeye hawezi. Ni wewe. Mimi niliisogeza mara moja, kisha nikairudisha kwa sababu ya kicheko cha wanaume watatu.

Imenigharimu nini? Ndinda hatarudi kuishi kwangu, ameniambia kwa upole, na sijamwomba mara ya pili. Mwanangu hunipigia simu sikukuu. Mjukuu wangu alipoteza muda mrefu ambao angeutumia kujifunza kuongea na watu, na hakuna wa kumrudishia. Sasa ana miaka sita. Anamwita mama yake, anamwita baba yake, anamwita hata mwanamke anayewauzia maji. Mimi hanijui.